Tahar Haddad, Mwanachuoni wa Tunis Aliyetaka Talaka Isikilizwe kwa Hakimu

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kupata habari za mashekhe na washairi wa pwani yetu, wa Lamu na Siu, wa Mombasa na Unguja. Leo naomba ruhusa twende mbali kidogo, mpaka mji wa Tunis kwenye ncha ya kaskazini ya Afrika, tukaonane na mwanachuoni mmoja ambaye jina lake huku kwetu halitajwi sana, lakini kwao hata mtoto wa skuli analijua. Jina lake ni Tahar Haddad. Alizaliwa mwaka 1899 na akafa mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 36 tu. Katika maisha hayo mafupi alitoa vitabu viwili, na vyote viwili vilimponza. Cha pili ndicho kilichonifanya nishike kalamu, kwa kuwa kilihusu jambo ambalo nyumba nyingi za Waislamu hulijua kwa uchungu wake, nalo ni talaka: nani aishuhudie, nani aisikilize kwanza, na wapi iandikwe.

Nitasema kwa nini jambo hili lanikaa rohoni. Nilipokuwa kijana, mama mmoja jirani yetu aliachwa kwa neno la mdomo. Mumewe alilitamka usiku, amesimama mlangoni, hapana aliyesikia ila watoto, kisha akaenda zake Arabuni kutafuta kazi. Yule mama akakaa eda, akaimaliza. Baada ya miaka miwili akaposwa na mtu wa heri, na hapo ndipo matata yalipoanza. Aliyekuja kuposa alitaka kuiona barua ya talaka. Barua haikuwapo. Mume alipopelekewa habari akajibu kwamba hakuacha, aligombana tu na mkewe kama watu wanavyogombana. Masikini yule mama akawa si mke, maana hapati posho wala haulizwi hali, na si mtalaka, maana hawezi kuolewa. Mchumba akangoja, akachoka, akaenda zake. Basi miaka mingi baadaye nilipokuja kukisoma kisa cha Haddad, yule mama ndiye aliyenijia mbele ya macho.

Haddad alizaliwa mjini Tunis katika mwezi wa Desemba, lakini asili ya jamaa zake ni El Hamma, mji wa mitende na chemchemi za maji ya moto upande wa kusini, karibu na Gabès. Hawakuwa watu wa mali. Baba yake alikuwa akiuza kuku sokoni. Mtoto akapelekwa chuoni kama tulivyopelekwa sisi, akahifadhi Kurani, kisha mwaka 1911 akaingia Zaytuna.

Zaytuna ni msikiti na ni chuo kikuu kwa pamoja, mmoja katika misikiti mikongwe ya Afrika. Kwa watu wa Tunis ni kama Azhar kwa watu wa Misri. Mwanafunzi alikaa mbele ya sheikh wake penye nguzo, akasoma fiqhi, nahau, usuli na tafsiri, miaka nenda miaka rudi. Haddad alisoma hapo muda wa miaka tisa hivi, na mwaka 1920 akapata shahada yao waliyoiita tatwii. Mwenye shahada ile aliweza kuwa mwalimu, na aliweza pia kuwa adili, yaani mwandishi wa hati anayekubaliwa na mahakama ya sheria. Haddad akaingia katika kazi hiyo ya uandishi wa hati.

Yafaa tusimame hapa kidogo, kwa sababu kazi hii ya adili ndiyo mlango wa kisa chote. Katika nchi za Kimaghribi, toka zamani, mambo makubwa ya watu huandikwa na maadili wawili wanaokaa pamoja: kuuza nyumba, kuweka wakfu, kuoza na kuacha. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba Tunis ilikuwa ni nchi isiyojua daftari. Mji wa Kairouan ulikuwa na sifa tangu karne za kale kwa hati zake za ndoa, ambamo mke aliweza kuweka sharti kwamba mumewe asimwolee mke mwingine, na akiolea basi mke ana amri ya kutoka. Sharti likaandikwa, likashuhudiwa, likashika. Hayo yalikuwa ni mambo ya Waislamu wenyewe, kabla ya Mfaransa kukanyaga pwani ile mwaka 1881.

Lakini kuandika kwao kulikuwa na upungufu mmoja. Mume aliyetaka kuacha aliweza kwenda kwa maadili peke yake, akatamka mbele yao, wakaandika, mambo yakaisha. Mke akapata habari baadaye. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza mume amekosewa nini, wala wa kumwuliza mke ana neno gani, wala wa kutazama watoto watakula wapi. Na wengine hata kwa maadili hawakwenda, neno lilitoka mdomoni likabaki hewani. Upande wa pili, mke aliyetaka kutoka kwa sababu ya kupigwa au kunyimwa ilimpasa asimame mbele ya kadhi na kuthibitisha, na kuthibitisha mambo ya chumbani si kazi nyepesi. Mjini Tunis palikuwa hata na nyumba maalum, ikiitwa Dar Joued, ambako mke aliyehesabiwa mwasi kwa mumewe aliwekwa mpaka atii.

Basi kijana aliyetoka Zaytuna na kalamu ya adili mkononi aliyajua mambo haya. Hata hivyo, si talaka iliyomshughulisha kwanza. Mwaka 1920 wananchi wa Tunisia waliunda chama cha siasa kilichoitwa Destour, kikiongozwa na Sheikh Abdelaziz Thaalbi, kudai katiba na haki mbele ya Wafaransa. Haddad akaingia. Kisha mwaka 1924 akarudi kutoka Ujerumani mtu wa kwao El Hamma, Mohamed Ali El Hammi, akiwa na fikra za vyama vya ushirika na vya wafanya kazi. Mwaka ule ule makuli wa bandari ya Tunis wakagoma. Sisi tuliokulia karibu na bandari twaweza kuona picha yake bila kuelezwa: jua, magunia, na mshahara usiotosha unga. Wafaransa walikuwa na vyama vyao vya kazi, lakini mzalendo aliyebeba mzigo ule ule hakulipwa ujira ule ule. Mwezi wa Desemba 1924 El Hammi na wenzake, Haddad akiwa mmoja wao, wakaanzisha shirikisho la kwanza la wafanya kazi wa Kitunisia.

Halikuishi. Mapema mwaka 1925 viongozi wakakamatwa, na kabla mwaka kwisha El Hammi na baadhi ya wenzake wakahukumiwa kufukuzwa nchini. El Hammi akafa mwaka 1928 huko Hijazi kwa ajali ya gari. Haddad hakufukuzwa, akabaki na huzuni yake na kalamu yake. Wakubwa wa Destour hawakusimama na wafanya kazi siku ile ya dhiki, na jambo hilo lilimtenga Haddad na chama. Mwaka 1927 akatoa kitabu chake cha kwanza, habari za wafanya kazi wa Kitunisia na kuanza kwa vyama vyao. Serikali ya Kifaransa ikakishika. Kwa hiyo yeyote asemaye kwamba Haddad alikuwa mtu wa Wafaransa, na hilo lilisemwa sana baadaye, na akitazame kitabu hicho kwanza.

Kitabu cha pili kilitoka mwezi wa Oktoba 1930, nacho kilihusu mwanamke wetu katika sheria na katika jamii. Kimegawanyika sehemu mbili kama jina lake linavyoonyesha. Katika ile sehemu ya sheria Haddad alifanya jambo ambalo mimi laniridhi sana: hakusema peke yake. Aliwaandikia maulamaa wakubwa wa Tunis, wa madhehebu ya Malik na ya Abu Hanifa, akawauliza maswali juu ya ndoa, talaka na haki za mke, kisha akayachapa majibu yao ndani ya kitabu chake. Msomaji akaweza kuona kwamba wakubwa wenyewe wana khitilafu, na kwamba hapo pana nafasi ya kufikiri.

Juu ya talaka maneno yake, kwa ufupi, yalikuwa hivi. Ndoa ni mapatano ya watu wawili na nyuma yao wapo watoto na jamaa. Kitu kama hicho hakifai kuvunjwa kwa neno la hasira la mmoja wao. Basi pawe na mahakama ya talaka. Atakaye kuacha aende huko, na atakaye kuachwa aende huko, wote wawili wasikilizwe. Wapewe wapatanishi. Ikishindikana, ndipo hakimu aiandike talaka, na mume aliyeacha bila ya sababu amlipe mkewe fidia ya madhara aliyomtia.

Mwenye kusoma kidogo ataona kwamba mawe ya jengo hili hayakutoka Paris. Wapatanishi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke, wametajwa katika Sura ya Nisaa. Mashahidi wawili waadilifu wametajwa katika Sura yenyewe ya Talaka. Kitu cha kumliwaza mke aliyeachwa kimetajwa katika Sura ya Baqara. Wanavyuoni wengi wa Kisunni wamesema kwamba ushahidi katika talaka ni jambo la kupendeza, si la lazima, na kwamba talaka hupita hata pasipokuwa na shahidi. Mashia wamesema ni lazima. Haddad alichofanya ni kuyachukua yale yanayopendeza na kusema kwamba, kwa jinsi watu walivyoharibika, sasa yafanywe ya lazima na yatiwe mkononi mwa hakimu. Wala hakuwa wa kwanza. Qasim Amin, aliyekuwa hakimu Misri, alikwisha pendekeza katika kitabu chake cha mwaka 1899 kwamba mume aende mbele ya kadhi kabla ya kuacha. Tofauti ni kwamba Haddad aliyasema akiwa mtoto wa Zaytuna, kwa lugha ya Zaytuna, na ndani ya mji wa Zaytuna.

Si kila alichosema nakikubali. Alifika mpaka kwenye mirathi, akasema kwamba huenda hukumu zake nazo zikaenda na wakati kama zilivyokwenda hukumu za utumwa. Hapo mimi simfuati, na nadhani wasomaji wangu wengi hawatamfuata. Tena alipoandika juu ya buibui la wanawake wa Tunis alikuwa na ukali ambao haukumletea rafiki. Lau angelitenga suala la talaka akaliandikia kitabu chake peke yake, huenda masikio yangelifunguka. Lakini mtu huhukumiwa kwa alichokiandika, si kwa alichokiacha.

Twaulize basi, mbona moto uliwaka namna ile? Mwaka 1930 haukuwa mwaka wa utulivu. Mwezi wa Mei, Wakatoliki waliitisha mkutano wao mkuu Carthage, nje tu ya Tunis, kwa baraka za serikali ya Kifaransa, wakapita na misalaba mbele ya macho ya Waislamu. Mwezi huo huo, nchi ya jirani ya Moroko, Wafaransa walitoa amri ya kuwatoa Waberberi katika mahakama za sheria ya Kiislamu. Watu walikwisha nyang'anywa ardhi, bandari na hazina. Kilichobaki mkononi mwao ni msikiti na kadhi. Akatokea kijana, mtoto wa muuza kuku, akasema mambo ya kadhi nayo yatengenezwe. Waliomsikia walisikia sauti ya Mfaransa hata pale ambapo haikuwapo. Hata Habib Bourguiba, ambaye tutakutana naye mbele, mwaka 1929 aliandika gazetini kuitetea shela ya wanawake kama alama ya taifa lisilotaka kumezwa.

Mwezi ule ule wa Oktoba rafiki zake Haddad walimfanyia karamu ya heshima. Baada yake zikaja siku za giza. Wakubwa wa Zaytuna walikitazama kitabu wakakikataa, kikapigwa marufuku. Magazeti yakamshika. Majibu yakatungwa na kuchapwa. Sheikh Mohamed Salah Ben Mrad alitoa kitabu kizima, na jina lake lilicheza na jina la Haddad kwa maana ya matanga, kwamba ni kumwekea matanga yule mwanamke wa Haddad. Mwingine, Omar al-Barri al-Madani, akaja na kitabu alichokiita upanga wa haki. Mungu ana siri zake: miaka michache baadaye, mwaka 1936, binti wa huyo Sheikh Ben Mrad, Bibi Bchira, ndiye aliyeanzisha umoja wa kwanza wa wanawake wa Kiislamu wa Tunisia.

Haddad alivuliwa shahada yake ya Zaytuna. Akakatazwa kazi ya uandishi wa hati. Alikuwa pia akisomea sheria, na mwaka 1931 akazuiwa kufanya mtihani kwa amri iliyotoka juu. Mtu aliyetaka kila talaka iandikwe na itiwe mhuri, yeye mwenyewe akabaki hana karatasi hata moja ya kumtambulisha. Njiani alitukanwa. Rafiki walipungua, wengine kwa kuogopa, wengine kwa kuchoka.

Akajifungia. Alikuwa mshairi, jambo ambalo wanaompinga na wanaomsifu husahau wote, na katika miaka hiyo ya upweke aliandika mashairi na fikra fupi fupi ambazo hazikuchapwa uhai wake. Tunis ya siku zile haikuwapenda washairi wake. Abu al-Qasim al-Shabbi, mtoto wa kadhi, aliyekuja kuwa mshairi mkubwa kuliko wote wa nchi ile, alifariki mwaka 1934 akiwa na miaka 25. Haddad akamfuata tarehe 7 Desemba 1935, amedhoofishwa na maradhi ya moyo na ya kifua. Waliomsindikiza makaburini Jellaz walihesabika. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Lau habari ingeliishia hapo, asingelijulikana leo. Tarehe 20 Machi 1956 Tunisia ilipata uhuru, na waziri mkuu wake akawa yule Bourguiba. Kabla ya miezi mitano kutimia, tarehe 13 Agosti, ikatolewa sheria mpya ya ndoa na jamaa, ikaanza kutumika mwanzoni mwa 1957. Mtu mmoja mwenye dola nyuma yake alifanya kwa muhuri kile ambacho mwingine hakukiweza kwa hoja. Baadhi ya maulamaa walipinga. Wengine, kama Sheikh Mohamed Fadhel Ben Achour wa Zaytuna hiyo hiyo, waliitetea wakasema kwamba ni ijtihadi na mlango wake haujafungwa.

Sheria ile inajulikana zaidi ulimwenguni kwa kukataza mke wa pili, na hapo ndipo ubishi mwingi ulipo mpaka leo. Mimi natazama kifungu cha 30, ambacho ni kifupi sana: hakuna talaka ila mbele ya mahakama. Kifungu kinachofuata chasema kwamba talaka huwa kwa mapatano ya wote wawili, au kwa sababu ya madhara yaliyompata mmoja wao, au kwa kutaka kwake mume au mke bila ya kutoa sababu, na huyo atakaye bila ya sababu hulipa. Kisha hakimu hana ruhusa ya kukata mpaka awe amejaribu kuwapatanisha. Mwaka 1981 iliongezwa kwamba mke aliyeachwa aweza kupewa fedha za matumizi kila mwezi badala ya fungu moja. Mwaka 1993 ikawekwa kwamba penye watoto wadogo vikao vya upatanisho viwe vitatu, na baina ya kikao na kikao zipite siku 30 au zaidi. Mwaka huo huo ikafunguliwa hazina ya kumlipa mtalaka na watoto pale mume alipokimbia deni lake, kisha serikali ikamfuata mume yenyewe. Hilo la hazina, kwa maoni yangu, lina faida kuliko mengi yaliyosemwa kwa makelele.

Sasa tufike kwenye fundo, maana lipo, na asiyelisema atakuwa amewadanganya wasomaji. Mume wa Tunis amekasirika nyumbani, ametamka talaka tatu, majirani wamesikia. Hakuenda mahakamani. Kwa daftari la serikali, huyu ni mkewe. Kwa maneno ya maimamu wanne, ameacha, na kukaa naye ni haramu. Mke aende wapi? Na kinyume chake: mahakama imempa mke talaka kwa kutaka kwake mwenyewe, na mume hajatamka lolote. Wako wanaosema hakimu ameshika mahali pa mume kama kadhi anavyofanya katika faskhi. Wako wanaotia shaka. Haddad alidhani kwamba watu wakishajua njia ni moja tu, neno la mdomo litakufa lenyewe. Ndimi za watu hazikufa.

Suala hili halikwisha na Tunisia. Mwezi wa Januari 2017 rais wa Misri alitaka talaka ya mdomo isihesabiwe mpaka iandikwe. Mwezi wa Februari wakubwa wa maulamaa wa Azhar wakajibu kwamba talaka iliyotimiza sharti zake hupita kwa neno, kama ilivyokuwa tangu zama za Mtume (s.a.w.), lakini mume ana wajibu wa kuiandikisha mara moja, na mwenye mamlaka aweza kumwadhibu akichelewesha. Hiyo ni njia ya katikati: neno libaki na nguvu yake, na kalamu ilifuate mbio.

Na huku kwetu tumekuwa kwenye njia hiyo ya katikati kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu iliwekwa katika nchi hii mwaka 1906, Haddad akiwa bado anafundishwa alifu na be. Ikakaa mpaka Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 iliposhika mahali pake. Sheria hii mpya imeacha talaka ya Kiislamu ifuate hukumu za Kiislamu, na inamtaka kadhi, sheikh au imamu aliyeithibitisha aipeleke nakala kwa msajili. Mahakama za kadhi zenyewe zimetajwa katika katiba ya 2010. Lakini daftari letu huandika kilichokwisha pita. Halimwiti mume kabla hajasema. Na mume asipokwenda, kama yule wa jirani yetu, daftari halina la kuandika, mpaka mke mwenyewe ajikaze aende kwa kadhi kutafuta kuthibitishiwa alichokisikia kwa masikio yake. Wengi huona haya. Wengine hawana nauli.

Twaweza kusema, basi, kwamba Haddad aliliona tundu ambalo daftari peke yake haliwezi kuliziba. Alichokosa ni dawa ambayo waumini wote wangeliinywa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanza kutoa gazeti lake la al-Islah Mombasa mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliishi miaka ile ile, na yeye pia alitaka Waislamu waamke. Yeye aliamsha akiwa ndani ya nyumba, na wenye nyumba walimsikiliza. Haddad alisukumwa nje kabla hajamaliza sentensi yake.

Tunis ilimrudia polepole. Tarehe 13 Agosti huko ni siku ya wanawake kila mwaka, na jina lake hutajwa. Zile fikra zake fupi za miaka ya upweke zilichapwa mwaka 1975, na mwaka 1981 kikachapwa kitabu chake kingine alichokiandika juu ya mafunzo ya Zaytuna na haja ya kuyatengeneza. Lakini si wote waliomsamehe. Mwaka 2012, katika vurugu zilizofuata mapinduzi, watu wasiojulikana walilivamia kaburi lake Jellaz wakaliharibu.

Yule mama jirani yetu alikuja kupata karatasi yake mwishowe. Mume alirudi kutoka Arabuni akiwa mgonjwa, jamaa wakamshika, akakubali kwenda naye kwa kadhi. Iliandikwa mchana mmoja, mbele ya mashahidi wawili, na haikuchukua nusu saa. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita, na yule mchumba alikuwa amekwisha oa kwengine na ana watoto wanne.